Tulimchangia Akaone Msumari

Mwalimu wetu wa Sanaa alikuwa na mdomo mbaya. Naanza na mdomo kwa sababu ndio uliotangulia kuingia darasani. Mwenyewe alifuata baadaye na chaki. Alikuwa akichukua mchoro wako, anaushika kwa vidole viwili kama aliyeokota panya, anaugeuza juu chini, kisha analiuliza darasa zima: "Hii ni ng'ombe ama ni meza imekufa?" Darasa lilicheka. Kila mmoja alijua zamu yake inakuja, na aliyecheka leo alikuwa amejilipia machozi ya kesho. Mimi sikumpenda. Nasema mapema, mtu asije akadhani naandika haya kwa huruma.

Siku yangu ilifika nikiwa kidato cha pili. Nilikuwa nimechora bakuli la ndizi na mtungi. Alisimama nyuma yangu muda mrefu, mpaka nikaanza kujidanganya kwamba amependezwa. Kisha akasema, bila kupunguza sauti, "Wewe mistari umeweza. Mkono yako imenyooka. Lakini ndani ya mistari hakuna kitu. Wewe utauza fremu."

Leo nina duka mjini Meru, nyuma ya soko, na ninauza fremu. Za harusi, za vyeti, na zaidi za picha za marehemu, maana watu wa kwetu hukumbuka kumtilia mtu picha kwenye fremu nzuri akiwa tayari hawezi kuiona. Kila nikikata mbao za pembeni namkumbuka mwalimu, na simkumbuki kwa wema.

Msichana aliyekaa dawati la mbele yangu alipata mabaya zaidi. Aliambiwa aziombe msamaha ndizi alizochora. Alisimama mbele ya darasa akasema, huku machozi yanamdondoka kwenye sweta, "Poleni, ndizi." Muhula uliofuata alihamia somo la Kilimo. Miaka mingi baadaye alikuja dukani na picha yake ya harusi, tukapiga domo, nikamtaja mwalimu. Akaacha kucheka.

"Huyo mtu bado ako hai?"

"Yuko."

"Mungu ni mvumilivu," akasema, na akachagua fremu ya dhahabu.

Ajabu ni kwamba hakuwahi kumchapa mtoto. Walimu wengine walikuwa na fimbo na vipande vya mpira wa maji. Yeye alisema fimbo ni ya watu walioishiwa na maneno, na yeye maneno hayakumwisha. Alituchongea penseli zote kwa wembe kabla ya somo, moja moja, na ncha zikatoka ndefu na kali. Ufutio aliupiga marufuku. "Ufutio ni ya waoga. Umekosea, acha kosa ikae hapo ikuangalie." Nilimchukia kwa hilo pia, kwa sababu makosa yangu yaliniangalia mwaka mzima.

Na huyohuyo, kwake nyumbani, alikuwa mtu mwingine. Mkewe alikuwa na miguu ya kuvimba, hawezi kusimama sana, ila kanisani aliimba mpaka mabati yakaitikia. Mwalimu alimfulia nguo, akazianika uani mchana kweupe, pamoja na zile ambazo mwanamume wa kwetu Kanyakine hawezi kuonekana akizishika. Alimchotea maji, akampikia, akamkanda miguu mlangoni huku watu wanapita. Wanaume walipomcheka alisimama na ndoo yake akawajibu: "Nyinyi mnafuliwa na mabibi zenu na bado mnanuka." Hakuna aliyempenda kwa jibu hilo, lakini njia ile watu waliacha kuipita kwa kundi.

Mbele ya darasa letu, juu ya ubao, palikuwa na ukurasa wa kalenda uliofifia. Ulikuwa na picha ya msichana wa jikoni, mnene, mikono ya nguo imekunjwa, anamimina maziwa kutoka mtungi. Ilikuwa ya kuchorwa, si ya kamera, kazi ya mzungu fulani wa zamani sana. Mwalimu alituambia ni mojawapo ya picha zinazojulikana dunia nzima na kwamba tunachokiona pale si picha. "Hiyo ni kivuli. Mtu hajaona picha mpaka asimame mbele yake, pumzi yako na yake." Alilisema hilo kila juma. Kila mtu shuleni, hadi mpishi, alijua kwamba mwalimu wa Sanaa ana haja moja tu chini ya jua: kusimama mbele ya yule msichana wa maziwa kabla hajafa.

Basi nafasi ikaja. Shule yetu ilikuwa na urafiki na shule moja ya Uholanzi, nchi yenye ile picha, nao wakaalika mwalimu mmoja akae nao wiki moja. Malazi walitoa, nauli hawakutoa. Mkewe ndiye aliyesimama kanisani, kwa miguu ile, akaomba watu. Na watu, tuwape haki yao, walitoa. Wazee waliuza mbuzi, akina mama wakauza ndizi na kuku, na Mwenyekiti wa bodi ya shule, ambaye pia alikuwa mzee wa kanisa na mwenye bucha kubwa kuliko zote pale sokoni, alitoa zaidi ya wote na akahakikisha maikrofoni imesikia. Tangu siku hiyo macho ya mwalimu yalikuwa mali ya umma. Angeona kwa niaba yetu na kurudi kutusimulia.

Sasa sikiliza kosa alilofanya, maana ni kosa ambalo mtu asiyetoka kwetu hawezi kulifanya. Mwalimu alikuwa mtu wa upande wa Kianjai, watu wa miraa. Huko, ukiwa na neno zito la kupeleka bomani kwa mtu, ukitaka kuposa binti au kuomba msamaha, huendi mikono mitupu. Unabeba ncoolo, bunda la miraa teule lililofungwa vizuri kwa majani ya mgomba. Mwenye boma akilipokea, mazungumzo yamefunguka. Mwalimu aliwaza: naenda bomani kwa watu, naomba kuonyeshwa kitu wanachokipenda kuliko vyote, nitaingiaje bila ncoolo? Akafungasha moja, nadhifu, ya kumpa mzee anayelinda picha.

Walimwonya kwenye chumba cha walimu kwamba nchi ile imekwisha kuifungia miraa mlango. Alijua. Nani wa Kianjai hakujua? Zamani miraa yao ilipanda ndege kwenda huko kila siku, na karo yake yeye mwenyewe ilitoka humo. Lakini akawajibu kwamba walichofunga ni makatoni ya wafanyabiashara. "Hii si biashara. Hii ni heshima. Hakuna nchi inaweza kukataza heshima." Mtu mwenye akili zake, anayecheka ng'ombe za watoto, akasema hivyo na akaamini.

Habari zilifika kabla yake. Kijana mmoja wa kwetu anayeishi huko alipiga simu: mwalimu wenu ameshikwa uwanja wa ndege na miraa. Wiki haikuisha tukamwona ameshuka barabarani na begi lake. Hakuleta zawadi hata ya kalamu. Simu yake ilikuwa ya kubonyeza, haina kamera. Jumapili Mwenyekiti akamwita mbele baada ya ibada, atoe hesabu ya safari.

Alieleza bila kujitetea. Walimnyang'anya bunda, wakalitupa kwenye pipa mbele ya macho yake, wakamlaza seli, asubuhi wakamwachilia kwa onyo. Shule iliyomwalika iliona aibu, wakambadilishia tiketi arudi jioni ileile. Alikuwa na saa chache tu mkononi. Akauliza njia, akaenda kwenye jumba la makumbusho, akapita picha kubwakubwa zote wanazozikimbilia watu bila kugeuza shingo, akasimama mbele ya msichana wa maziwa mpaka muda wa ndege.

"Na ukaona nini?" Mwenyekiti akauliza.

Angeweza kusema dhahabu. Angeweza kusema ni kubwa kama kanisa, machozi yalimtoka, alituombea sote pale. Watu walikuwa tayari kulia pamoja naye. Akasema, "Msumari."

"Nini?"

"Msumari. Kwa ukuta nyuma ya huyo msichana, huku juu, kuna msumari. Na karibu yake kuna tundu ya msumari mwingine ulitolewa. Kwa kalenda hauonekani."

Kisha Mwenyekiti akageukia watu, taratibu, kama mtu anayejua ana utamu mdomoni. "Wapendwa, tumeuza mbuzi, mtu aende Ulaya aone msumari? Si angekuja kwa bucha yangu? Niko nayo mingi, na ng'ombe imening'inia!"

Sijapata kusikia kanisa likicheka vile. Mchungaji alicheka, kwaya ikacheka. Mwalimu alingoja wamalize, na kwa ujinga wake wa kupenda ukweli akaongeza lililommaliza. Alisema alipotaka kuliona lile tundu vizuri alisogeza uso, na mashine ikalia. Akaonyesha pale mbele ya madhabahu: akainama, akanyoosha shingo, kisha akaruka nyuma na mkono juu. "Tii, tii, tiiii!" Mbili fupi, moja ndefu, na ile ndefu ikishuka mwishoni kama imechoka.

Watoto wa Sunday school walikuwa wameketi safu ya mbele. Kabla ya chakula cha mchana soko zima lilikuwa linalia tii, tii, tiiii. Alipita, wakalia. Aliingia dukani kununua chumvi, aliyekuwa akipima sukari akalia. Sisi wanafunzi tuliiga vizuri kuliko wote, kwa sababu tulikuwa na deni naye, na yeye mwenyewe alitupa mafunzo: tangu arudi, kila muhula alitusimamisha darasani, mikono nyuma, tujifanye tumefika mbele ya picha. "Msisogee. Mjinga akisogea italia." Kisha anatueleza ule ukuta. "Huyu mtu angeacha ukuta mweupe tu. Nani angemuuliza? Akaweka msumari na haushikilii kitu. Hiyo ndiyo tofauti yake na nyinyi. Nyinyi mnaona ukuta."

Mwanafunzi mmoja aliyeficha simu aliitafuta ile picha mtandaoni, akaivuta kwa vidole. Msumari ukaonekana. Tundu likaonekana. Habari zikafika kwa Mwenyekiti, na kwa muda mfupi nilidhani mwalimu amepona. Mwenyekiti hata hakufikiri. "Si mnaona sasa? Ametoa kwa simu." Na ukitazama vizuri hakuna namna ya kulijibu neno hilo.

Mwalimu mkuu wetu alipenda amani, akaona awapatanishe. Akamwomba mwalimu wa Sanaa achore picha ya Mwenyekiti, itundikwe ofisini. Mwalimu akakubali upesi mno. Hapo tu tungeshtuka. Siku ya wazazi kitambaa kikavutwa. Alikuwa Mwenyekiti mwenyewe, ameketi buchani kwake, shingo ile, macho yale ya kukupima uzito, mpaka watoto wakarudi nyuma. Kilikuwa kitu kizuri kuliko vyote nilivyopata kuona kikitoka mkononi mwa mtu ninayemjua. Mbele ya Mwenyekiti kulikuwa na mizani ya nyama, na chini kabisa, mahali ambapo jicho linafika la mwisho, kidole gumba cha Mwenyekiti kilikuwa kimeegemea sahani ya mizani.

Akina mama ndio walioona kwanza. Hakuna aliyesema kitu, lakini kicheko chao kilianza tumboni na kupanda. Picha haikutundikwa. Wanasema ilitumika kuwashia moto wa supu.

Baada ya hapo kanisa likaamua kwamba mwalimu alikula mchango wa watu na akadanganya madhabahuni, hivyo asikaribie meza ya Bwana mpaka atubu. Yeye hakujali, alikaa nje chini ya dirisha akisikiliza mkewe akiimba. Aliyeumia ni mkewe. Kwaya haikumfukuza, ila viti vya pande zake vilibaki wazi, na katika chama cha akina mama chai yake ilimiminwa mwisho. Yeye ndiye aliyeomba mchango. Yeye ndiye waliyemtazama. Jirani yao aliwasikia mara nyingi wakibishana uani kwa sauti ya chini.

"Sema tu hukuona," mkewe alimwambia. "Ni maneno tu. Itakupunguzia nini?"

"Nikisema sikuona, basi sijawahi kuona kitu maisha yangu yote."

"Na mimi je?"

Yeye wa maneno akachukua ndoo akaenda mtoni. Miaka ikaenda hivyo, mama akiimba katikati ya viti vitupu, mpaka ugonjwa wa miguu ukapanda mwilini na akafa.

Picha yake ya mazishi niliitia fremu mimi, na siku yenyewe niliipeleka mwenyewe nyumbani kwao. Jeneza lilikuwa limeshafika, hema limefungwa, watu wamejaa, ila kwaya haikuwepo. Mchungaji na Mwenyekiti waliingia uani wakamvuta mwalimu kando, karibu na pale nilipokuwa nikifuta kioo cha fremu. Hawakunijali. Muuza fremu kwenye mazishi ni kama kiti.

"Mwarimu, pole sana," Mwenyekiti akasema. "Lakini kanisa haiwezi kuingia kwa boma iko na uongo haijatubiwa. Kwaya iko tayari, iko hapo barabarani. Ni wewe tu."

Mwalimu alitazama jeneza. "Yeye amewakosea nini?"

"Yeye hajakosa. Ni wewe."

"Mnataka niseme nini?"

"Sema ukweli."

"Ukweli nilisema."

Mwenyekiti akamkaribia, kwa upole kabisa, akamwondolea nyasi begani. "Basi sema ule wetu."

Alipewa maikrofoni. Alisimama kando ya mkewe, hakumtazama mtu. "Sikuona picha," akasema. "Sikuona msumari. Nilikaa kwa seli, nikarudi. Niliwadanganya." Watu wakapiga makofi, vigelegele vikapanda, Mwenyekiti akamkumbatia mpaka miwani yake ikaanguka. Kwaya ikaingia inaimba kutoka barabarani, na mama akazikwa na sauti zile alizozipenda. Mtoto fulani nyuma ya hema alilia tii, tii, tiiii, akapigwa kofi na mamake. Mimi nilifurahi. Niliamini hatimaye ameumbuka, na nikaona hata zile ndizi zilizoombwa msamaha zimelipiwa.

Halafu mdogo wangu akajifungua. Ameolewa Uholanzi, na kwetu mwanamke akijifungua haachwi na maji ya moto peke yake. Lazima mtu wa kwao aende kumpikia uji. Nikaenda mimi, na unga wangu wa wimbi, na mkobani sikuweka jani lolote la rangi ya kijani. Tulipokuwa tumechoka kukaa ndani na mvua yao isiyoisha, mdogo wangu akasema, twende ukaone yule msichana wa Mwalimu. Na yeye alisoma shule yetu, madarasa machache nyuma yangu.

Nitasema nilivyoona. Kwanza miguu iliniuma. Pili, niliangalia fremu, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yangu: pembe zimeungwa vizuri, dhahabu imepakwa kupita kiasi, na nyingine zina mbao za kutosha kujengea nyumba. Watu walikuwa wamesongamana mbele ya picha moja kubwa ya wanaume wenye kofia na bunduki. Walikuwa wametoka nchi za mbali kuiona, na walipofika waliipa mgongo, wakajipiga picha wao. Niliwadharau, na nikafurahi kuwadharau, maana mimi mwenyewe sikuwa nikisikia chochote moyoni. Nikajiambia: ndiyo haya tuliyouzia mbuzi?

Msichana wa maziwa alikuwa chumba cha pembeni. Ni mdogo. Ningeweza kumbeba kwapani. Nilihisi kuibiwa. Nilingoja watu wapungue, nikasogea mstari wa mbele, nikaweka mikono nyuma bila kujua kwa nini naiweka nyuma. Ndipo nikauona ule ukuta. Kwenye kalenda ulikuwa mweupe. Si mweupe. Una uchafu, una unyevu chini, una mikwaruzo na vitundu, ni ukuta wa jikoni kwa mama yangu hasa, pale anapotundika chujio. Mtu alikaa siku nyingi akipaka uchafu kwa upendo. Na maziwa yalikuwa yanashuka, uzi mwembamba, na nilishika pumzi nisimtikise mkono. Sikuwa nimejiandaa kwa jambo kama hilo, nilikuja na dharau tu.

Msumari ulikuwepo, na kivuli chake. Tundu lilikuwa limejificha kidogo. Nikainamisha uso nilione.

Tii, tii, tiiii.

Mbili fupi, moja ndefu, na ile ndefu ikashuka mwishoni kama imechoka. Mlinzi akainua mkono. Niliruka nyuma nikamkanyaga mdogo wangu, naye hakulalamika, alikuwa amenikodolea macho. Sauti ile haimo kwenye simu. Haimo kwenye kalenda. Tulikuwa tumeilia sisi wenyewe barabara nzima ya Kanyakine, kwa ufundi, hatukukosea hata kidogo.

"Alikuwa hapa," mdogo wangu akasema. "Mwalimu alisimama hapa."

Nililia mbele ya wageni. Nililia kwa hasira, na hasira hiyo nilirudi nayo nyumbani. Ndani ya ndege nilipanga maneno yote: nitakavyosimama kanisani, nitakavyomwambia Mwenyekiti mbele ya watu, mdogo wangu kwenye simu akiwa shahidi. Nilinunua pale dukani kwao nakala ya picha, na nilipofika Meru niliitengenezea fremu ya mti wa mvule, bila dhahabu, kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya. Nikaamua mwenye haki asikie kwanza, kisha wengine.

Nilimkuta uani kwenye kiti cha plastiki. Kiharusi kilikuwa kimemchukua mkono wa kulia, ule wa kuchora, umelala mapajani kama wa mtu mwingine, na mdomo umevutwa upande. Binti yake, anayemtunza, alinikaribisha akaenda kuteleka chai. Nikafungua karatasi, nikamwekea picha magotini. Aliitazama kwa muda. Alipitisha kidole cha kushoto kwenye pembe za fremu, moja baada ya nyingine.

"Fremu ni mzuri," akasema, maneno yakitoka kwa shida. "Ndani hakuna kitu."

Nikacheka, nikavuta kigoda, nikamweleza yote. Nilipofika kwenye mlio, niliulia: tii, tii, tiiii. Alifumba macho.

"Mwalimu, uliona. Sasa mimi ni shahidi. Jumapili nasimama kanisani nawaambia, Mwenyekiti akiwa hapo."

"Hapana."

"Wakuombe msamaha."

"Hapana!" Mate yalimtoka. Akainua mkono mzima akaonyesha nyuma ya nyumba, kwenye migomba, lilipo kaburi la mkewe, na vigae vyake vimepigwa deki vinang'aa. "Huyo alizikwa na hiyo maneno. Waliimba juu ya hiyo maneno. Wewe ukisema niliona, basi nilidanganya siku ya kumzika. Watasema kanisa ilizika kwa uongo. Unataka kumfukua?"

"Lakini uliona."

"Rudi na hii kitu. Mtu ataiona aulize."

Nikaifunga tena kwenye karatasi yake. Nilikuwa nimesimama tayari kuondoka aliposema, akitazama migomba, "Bado iko?"

"Msumari? Uko."

"Na tundu?"

"Lipo."

Kisha ule mdomo uliopinda ukajikaza, na sauti ya darasani ikatoka, ileile, chafu, haijapoteza kitu.

"Na ukasogea."

"Nilisogea, Mwalimu."

"Mjinga. Si niliwaambia msisogee?"

Binti yake alitoka jikoni na chai, akanikuta nafuta macho kwa kitambaa cha kichwa. Akaweka trei chini haraka.

"Amekuambia nini?"

"Ananitukana tu," nikasema. "Kama zamani."

"Ai, basi leo ako sawa," akasema, akacheka kwa raha, na akaenda kumsogezea kiti kivulini.